Nusu ya Mshono

Siku bosi aliposema mbele ya watu kwamba mume wangu amekuja kazini amelewa, mimi nilikuwa na sindano mdomoni. Sindano ile ndiyo iliyoniokoa. Bila hiyo ningetoa maneno ya kutufukuzisha kazi sote wawili kabla ya chai ya saa nne, maana mimi ni mtu wa moto, najijua, na mume wangu hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza.

Lakini ukiniuliza alionekanaje asubuhi ile, nitakwambia kweli: alionekana mlevi. Bega la kushoto lilikuwa linapanda na kushuka. Shingo inajinyonga kidogo, inarudi, inajinyonga tena. Mguu mmoja unakanyaga hapa, unahama, unakanyaga pale, na kiuno kinafuata nyuma. Halafu yeye mwenyewe yuko shwari kabisa usoni, anapiga mistari ya chaki juu ya kitambaa kama mtu ambaye hana habari na huo mwili.

Karakana yetu inashona sare za wauguzi, za walinzi, za wanafunzi. Vyerehani kumi na viwili viko mistari miwili, meza ya pasi iko dirishani, na nyuma kabisa kuna meza ya kukatia, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili ukikiweka mara mbili. Mimi kazi yangu ni vifungo na matundu yake, ndiyo maana wananiita Mama Vifungo. Mume wangu ni mkataji. Amesimama kwenye meza ile miaka ishirini na mmoja, na wanamwita Sentimita, kwa sababu anaweza kununiana na mtu siku nzima kwa ajili ya sentimita moja. Mkataji ndiye anayebeba karakana. Fundi wa cherehani akikosea, ameharibu shati moja, atafumua. Mkataji anatandaza tabaka nane za kitambaa, anapitisha mkasi mara moja. Akiteleza, mashati manane yameondoka na hakuna wa kufumua.

Kwa hiyo bosi alipomwambia, "Sentimita, nikikuona hivi tena mkasi namkabidhi Presha," hakuwa anatania. Presha ni mpiga pasi wetu, mtu wa mzaha, mdomo wake haujui kupumzika. Ndiye anayemsaidia mume wangu kutandaza kitambaa, na kwa kumtazama miaka yote hiyo amejifunza kukata vizuri tu. Wiki mbili nzima alikuwa anampigia mume wangu makofi ya mdundo kila akipita. "Mzee, leo umeweka muziki gani? Tuongezee sauti na sisi tusikie!" Watu wanacheka hawana mbavu. Na mume wangu anacheka nao, ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Sisi wawili tulikuwa na siri yetu. Miaka minne kabla, kidole gumba chake cha kulia kilianza kutetemeka kila mkono ukipumzika. Mwandiko wake ukawa mdogo, ukazidi kuwa mdogo, mpaka vipimo alivyoandika kwenye daftari vikawa havisomeki bila miwani. Akitembea, mkono mmoja haupungi. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa Pakinsoni, kwamba kuna kitu ubongo unatengeneza ili mwili utembee na yeye kinamwishia, na vidonge vitajaza pengo. Vikajaza kweli. Ndani ya mwezi mmoja alirudi mezani kwake kama kijana. Tukakubaliana mtu asijue, hasa pale kazini, na kila mchana alikuwa anajificha nyuma ya marobota ya vitambaa, anameza kidonge chake na maji ya chupa, anatoka anafuta mdomo.

Sasa huu mchezo wa bega na shingo ulikuwa jambo jipya, na uliniondolea usingizi wa mchana na wa usiku. Nyumbani alikuwa akikaa kitini, kiti kinalalamika. Tukila, namtazama mguu chini ya meza. Tukiangalia taarifa ya habari, naangalia bega lake, habari zinanipita. Mimi mwenyewe nikawa siwezi kutulia: nainuka, nakaa, nafuta meza iliyofutwa, nafungua dirisha, nafunga.

"Baba watoto, tulia basi."

"Nimetulia."

"Umetulia wapi? Hilo bega je?"

Analiangalia bega kama la jirani. "Limefanya nini?"

Nikadhani ananidharau. Nikamnunia siku tatu. Kumbe alikuwa hajioni.

Bosi alipomwita mlevi, nilisema liwalo na liwe. Siku ya kliniki ilikuwa bado wiki tatu, lakini Jumanne nilimkokota hospitali. Njia nzima ananiambia hakuna haja, mambo yatapoa. "Yatapoaje?" nikamwambia. "Watu wananitazama sokoni kama mke wa mlevi. Leo daktari ataandika barua kwamba wewe si mlevi, na barua hiyo bosi ataisoma." Akageuza uso.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakushika hata kipimo kwanza. Alimkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, akamwambia aweke viganja mapajani, kisha ahesabu kutoka mia moja kurudi nyuma, akipunguza saba saba. Mume wangu hesabu ni kazi yake, alishuka kwa raha zake: tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Na kadiri alivyoshuka ndivyo mwili ulivyochangamka. Bega, shingo, kiuno, mguu, vyote vikaingia kazini. Mimi nilitamani nimkalie.

"Mama, hapo anatetemeka?" daktari akaniuliza.

Nikataka kusema ndiyo, nikasita. Kutetemeka nilikujua, kile kidole gumba cha miaka minne nyuma kilikuwa kinagonga sawasawa, tiki tiki tiki, na akishika kitu kinaacha. "Hapana," nikasema. "Huku ni kujinyonganyonga. Ni kama anavaa shati linalombana."

"Vizuri sana umetofautisha. Huku tunakuita diskinesia."

Nikamwomba alirudie. Akalirudia, akaliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akanielekezea kalamu. Ni neno la Kigiriki, akasema, mwanzo wake ni ubaya au ugumu, mwisho wake ni mwendo. Mwendo uliokwenda kombo. Mtu anasogea bila kuamua kusogea. "Lakini jihadharini nalo, ni neno pana. Si jina la ugonjwa. Ni jina la kile ninachokiona hapa kwenye kiti. Kuna watu wanapata diskinesia ya mdomo na ulimi kwa dawa nyingine kabisa, kuna watoto wanazaliwa na matatizo ya namna hiyo. Ukisema diskinesia ukanyamaza, hujasema imetoka wapi. Ndiyo maana mimi nikiandika, naandika na chanzo."

"Na hii ya kwake imetoka wapi?"

"Mara nyingi kwa mgonjwa wa Pakinsoni inatoka kwenye dawa yenyewe. Dawa ikiwa juu mwilini, mwili unazidisha. Ikishuka, mwili unaganda. Katikati pana uwazi, na sisi tunatafuta mtu aishi kwenye huo uwazi." Akamgeukia. "Mzee, unameza vidonge vingapi?"

"Kama ulivyoandika. Kimoja mara tatu."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi. "Daktari, mbona vidonge vinaisha kabla ya tarehe? Kila mwezi ananiambia dirisha la dawa wamempunja, tunaongezea vya kununua."

Mguu wake ukakwaruza sakafu, ukakwaruza tena.

"Kimoja na nusu," akasema hatimaye.

"Nani alikwambia nusu?"

"Hakuna aliyeniambia." Akainua mikono yake miwili, akapima hewa kama anayeonyesha kitambaa. "Daktari, mimi ni mkataji. Ukinipa kipimo cha kifua, sikati palepale. Naacha nusu inchi ya mshono. Ukikata sawasawa na kipimo, nguo itabana, na kitambaa kilichokatwa hakirefuki. Kilichozidi kinapunguzwa wakati wowote. Sasa nikafikiri, hii dawa ni muhimu kuliko shati. Nikaweka nusu ya mshono."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Nilimtazama mtu yule niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo. Daktari alijikaza asicheke, midomo ikamshinda. Kisha akawa makini. Akamweleza kwamba mwilini hakuna pindo la kukunjia kilichozidi, kila kilichozidi kinavaliwa siku hiyohiyo. Akaiondoa ile nusu ya kila mara. Vile vitatu vilivyobaki akavigawa vipande vidogo vya kumeza mara tano, kwa saa, na akatuonya kwamba siku za kwanza atakuwa mzito.

"Jambo la mwisho, mzee. Huku kuchezacheza kunakusumbua?"

"Hakunisumbui. Nikichezacheza mikono yangu inafanya kazi. Kinachonitesa ni kuganda."

"Kunatusumbua sisi!" nikaruka. "Daktari, watu wanasema ni mlevi. Tuandikie barua."

Mume wangu akasema kwa upole, "Barua si lazima." Daktari akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Akaandika, mistari mitano yenye mhuri: kwamba huyu ana ugonjwa wa Pakinsoni, kwamba mienendo inayoonekana ni diskinesia iliyosababishwa na dawa, kwamba haihusiani na ulevi wa aina yoyote. Nilipotoka pale nilijiona nimepewa cheo. Nilikuwa nalitamka lile neno njia nzima, silabi moja baada ya nyingine, mpaka likakaa ulimini.

"Nipe siku chache," mume wangu akaniambia tulipofika nyumbani. "Tuone hiki kipimo kipya. Barua iweke kwanza."

Nikaiweka, ndani ya pochi yangu ya vifungo.

Jumatano ilikuwa mbaya. Alitulia, ndiyo, bega halikupanda hata mara moja, na mimi mjinga nikafurahi. Nikamkuta amesimama mlangoni pa bafu, taulo begani, uso mkavu. "Pita basi," nikamwambia. "Nataka," akasema. Miguu ilikuwa imegoma. Nilimshika viganja, nikamhesabia moja mbili, moja mbili, ndipo akavuka kizingiti. Vifungo vya shati lake nilivifunga mimi, mwanamke anayefunga na kufungua vifungo vya watu wasiomhusu siku nzima, na vidole vyangu vikawa vinakosea tundu. Tuliomba ruhusa, hakwenda kazini. Jioni yake mimi nilipigia simu kliniki, wakasema vumilieni, msiongeze kitu. Niliweka kengele ya simu kwa kila kipande cha kidonge, na kila ikilia nilikimbilia maji.

Alhamisi alikwenda kazini, mzito, akapanga violezo vya karatasi tu, hakukata. Bosi alimpita mara tatu, akimtazama.

Ijumaa ndiyo siku ninayoirudia kichwani. Aliamka akavaa mwenyewe. Akanywa chai kikombe hakijagonga sahani. Saa tatu alikuwa mezani, sare za wauguzi, tabaka nane, kitambaa cheupe kile kinachoonyesha kila kosa. Nilimwona kwa pembeni anapitisha mkasi. Bega lilikuwa linapanda kidogo mara mojamoja, kidogo sana, ungehitaji kuwa mkewe ili ulione. Mkono ulikwenda moja kwa moja. Akatoa mgongo wa kwanza, wa pili, akatoa mikono na kola, akavifunga mafungu na kuandika namba juu yake. Bosi alikuja akakagua ukingo kwa kidole, akaguna ule mguno wake wa kuridhika, akaenda zake. Mume wangu akanitupia jicho. Alikuwa anang'aa, mtu mzima yule.

Ningekaa kimya mpaka Jumatatu, siku ile ingepita na nyingine ingekuja.

Saa sita, watu wanazima vyerehani, Presha akapita na pasi yake akasema kwa sauti ya kila mtu, "Naona mzee leo amefungua kinywa na maji! Chupa imeisha, au mama kaificha?" Kicheko kikazuka. Hakuwa na ubaya, Presha. Lakini wiki mbili zote zilinipanda kichwani kwa mara moja. Nilisimama, kiti changu kikaanguka. Nikaitoa ile barua kwenye pochi, vifungo vikamwagika sakafuni, na nikaisoma yote, kwa sauti, tangu tarehe mpaka mhuri.

"Diskinesia!" nikawaambia. "Mnalijua hilo neno? Hamlijui. Mtu anasogea bila kuamua kusogea. Ni dawa, si pombe. Haya, cheka tena, Presha, nikuone!"

Hakuna aliyecheka. Presha aliweka pasi chini, akasema, "Mama, nisamehe, sikujua," na machozi yalikuwa karibu. Mafundi wakaanza, pole Sentimita, pole mzee, pole sana kaka. Niliinua kichwa kumtazama mume wangu nikitegemea shukrani. Alikuwa amesimama na mkasi mkononi, ananiangalia kama niliyemwagia maji kwenye kitambaa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Bosi alikuwa amesimama pale, amesikia kila kitu.

Alituita ndani, akafunga mlango mwenyewe. Akaisoma barua kwa macho yake.

"Sentimita, nimekukosea. Nilikuita mlevi mbele ya watu, nitakuomba radhi mbele ya hao hao."

Nikakaa sawa kitini. Nilikuwa nimeshinda, au ndivyo nilivyodhani.

"Lakini niambie. Hii inapona?"

"Imepungua, bosi," nikadakia. "Asubuhi hii umeona mwenyewe alivyokata."

"Nimeona. Amekata vizuri. Nauliza, inapona?"

"Haiponi," mume wangu akasema.

Bosi akaikunja barua polepole. "Ingekuwa pombe, ningekupa onyo, ningekusubiri uache. Nimewasubiri walevi wangapi hapa? Sasa wewe nitakusubiri uache nini?" Sauti yake ilikuwa ya huruma kweli, na ndiyo maana sikupata pa kumshika. "Mkasi ule ni mrefu kama mkono wangu. Siku ukikuruka ukakukata, nitamtazama vipi huyu mama? Kuanzia Jumatatu utakaa kwenye ukaguzi, pale karibu na dirisha. Kiti kizuri. Hakuna atakayekusumbua."

Nilianza kubishana. Nilisema habari za vipande vitano, saa, kengele, ule uwazi wa katikati. Nilimweleza chanzo, nikamweleza tofauti na kutetemeka, nikalitumia lile neno mara nne au tano, na kila nilipolitaja bosi alitikisa kichwa kwa masikitiko zaidi. Mume wangu akanishika kiwiko, tukatoka.

Alikwenda mezani. Akaufuta mkasi kwa kitambaa chenye mafuta, pande zote mbili, akamnyooshea Presha. Presha akaweka mikono nyuma. "Chukua," mume wangu akamwambia. "Mkono wa kushoto, unaoongoza kitambaa, ndio unaokata, huu wa kulia unabana tu. Ukiusahau wa kushoto, utakwenda upande." Presha akauchukua kwa mikono miwili.

Tulitoka jioni pamoja na wengine, tukawaacha watangulie. Kipande cha saa kumi kilikuwa kimeshika, alitembea vizuri, bega likipanda na kushuka kidogo kwenye shati lake. Mimi ndiye niliyekuwa sikanyagi sawasawa. Nilikuwa natembea mbele yake, narudi, natembea tena.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua akisikia ni ugonjwa atachukua mkasi."

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia kule kwa daktari? Kwa nini uliniacha niibebe barua ile siku zote hizi?"

Alisimama. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo.

"Mama watoto," akasema, "ungekubali kuitwa mke wa mlevi?"

Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo. Nilimtazama usoni, nikashindwa kumdanganya.

"Nisingekubali," nikasema.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, tukaendelea na njia.